Simu ikiwa mbovu, nani athibitishe?

Anayenunua simu mpya Kariakoo, Dar es Salaam, hutoka dukani na boksi, risiti na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri. Muuzaji humhakikishia kwamba ana mwaka mzima, ikisumbua, airudishe. Maneno hayo ndiyo yanayomtoa hofu mama lishe, dereva wa bodaboda au mwalimu wa shule ya msingi aliyedunduliza fedha kwa miezi kadhaa. Ananunua simu, na ananunua ahadi pamoja nayo.

Ahadi hiyo hupimwa siku simu inapoanza kujizima na kujiwasha yenyewe, inapogoma kwenye nembo, tachi inapokufa upande mmoja au chaji inapokataa kuingia. Dukani anaambiwa hayo si yao tena, aende kituo cha huduma. Kituoni anaandikiwa karatasi na kuambiwa asubiri. Akifuatilia, spea haijafika. Akirudi tena, simu imepelekwa kwa mafundi wakubwa. Hatimaye anakabidhiwa simu iliyofutwa kila kitu, picha za watoto zimepotea, na haipiti muda kabla ugonjwa uleule haujarudi. Anaanza foleni upya, huku siku za waranti zikiendelea kuhesabiwa hata wakati simu iko kwenye kabati la fundi.

Hasara hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kaunta. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa pochi, benki na duka. Dereva anayepata abiria kupitia programu ya simu hana kazi siku simu yake ikiwa kwa fundi. Aliyekopeshwa simu kwa malipo ya kila siku yuko pabaya zaidi, kwa sababu kifaa kinachopaswa kumwingizia fedha ya marejesho kimelala, lakini deni halilali.

Kauli inayowaumiza wateja kuliko zote ni fupi: "Imeingia maji." Ndani ya simu nyingi kuna kibandiko kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Fundi akikikuta chekundu, waranti imekufa. Lakini kibandiko hicho kinasema jambo moja tu, kwamba maji yalifika pale kilipobandikwa. Hakisemi kama maji hayo ndiyo yaliyoua simu, wala hakiwezi kueleza kwa nini saketi ya chaji iliungua. Mteja hana kifaa cha kupimia wala elimu ya kubishana, na simu yenyewe iko mikononi mwa anayemtuhumu. Anaambiwa alipie matengenezo au aondoke nayo ilivyo.

Kuna kisa kinachoonyesha jinsi mzigo huo ulivyowekwa mahali pasipostahili. Agosti 2016 Samsung iliingiza sokoni Galaxy Note 7, simu ya bei kubwa. Haikuchukua muda, baadhi zikaanza kushika moto zikichajiwa. Septemba 2 kampuni ilitangaza kuzirudisha simu takriban milioni 2.5 na kuwapa wateja nyingine. Oktoba 5, katika uwanja wa ndege wa Louisville nchini Marekani, abiria walishushwa kwenye ndege kabla haijaruka baada ya simu ya aina hiyo kufuka moshi. Ilikuwa moja ya zile zilizotolewa kama mbadala salama. Siku chache baadaye Samsung iliacha kabisa kuitengeneza.

Januari 2017 matokeo ya uchunguzi yalitolewa. Betri zilitoka kwa watengenezaji wawili, na kila kundi lilikuwa na kasoro yake. Za kwanza zilibanwa kwenye kona na kuharibika ndani. Zile zilizoletwa kuziba pengo zilikuwa na dosari za uchomeleaji. Ili kufikia jibu hilo, kampuni ilisema iliwatumia watafiti na wahandisi wapatao 700, waliopima simu 200,000 na betri 30,000.

Tuzitafakari hesabu hizo. Mtengenezaji mkubwa, mwenye maabara na michoro ya kila kipande, alihitaji mamia ya wataalamu kujua kwa nini simu yake mwenyewe inaharibika, na mbadala aliotoa kwa nia njema nao ukawa mbovu. Mwananchi aliyesimama mbele ya kaunta anatakiwa kuthibitisha mambo hayo kwa mdomo wake mtupu.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeliona hili. Huko dhamana ya kisheria ya bidhaa mpya haipungui miaka 2, na anayewajibika ni muuzaji aliyepokea fedha. Kwa kanuni zinazotumika tangu mwaka 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu bidhaa ilipouzwa. Muuzaji akidai mteja ndiye aliyeharibu, athibitishe yeye.

Kwetu, Kenya na Tanzania, msingi upo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji na kugusa wajibu wa watengenezaji, na ina Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Serikali imekwisha kuonyesha pia kwamba ikitaka inaweza. Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima. Lakini simu halisi iliyotoka kiwandani na ubovu wake bado haina wa kuisemea kwa nguvu ileile.

Wapo wateja wanaodumbukiza simu kwenye ndoo kisha wakakana, na wapo wauzaji waungwana wanaobadilisha simu bila maneno. Sheria nzuri haiwaonei wauzaji hao. Inawabana wanaojua kwamba mteja mnyonge atachoka kabla yao.

Kwa sasa mnunuzi ajilinde mapema. Adai risiti ya mashine ya kodi (EFD) hata akishawishiwa kupunguziwa bei bila hiyo, kwa kuwa bila risiti hana ushahidi wa siku wala duka. Asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: aiwashe simu palepale, aweke laini, apige, achaji, ajaribu kamera na tachi kila kona. Abonyeze *#06# alinganishe namba ya utambulisho wa simu (IMEI) na ile ya kwenye boksi, na kwa Tanzania aitume kwenda 15090 kuihakiki. Akipeleka simu kituoni, ahifadhi kwanza taarifa zake, kisha aandikiwe tarehe, tatizo na hali ya simu ilivyopokelewa.

Hata hivyo tahadhari ya mnunuzi haitoshi pale kosa lilipotoka kiwandani. Tume ya Ushindani na wenzake wa Kenya waweke masharti yanayoeleweka hata kwa mtu aliyesimama kaunta: siku za matengenezo ziwe na ukomo, waranti isimame simu ikiwa kwa fundi, inayorudi na ugonjwa uleule ibadilishwe kwa mpya yenye waranti kamili, au fedha zirudishwe, na anayekataa dai aandike sababu na vipimo vyake, asaini. Mteja ametimiza sehemu yake ya makubaliano siku alipolipa. Anayesema ubovu ni wa mteja alete ushahidi, na mpaka aulete, simu ni jukumu lake.