Maneno Tunayoyajua Nusunusu

Anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, awe Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, hachelewi kukutana na orodha za maneno makubwa. Zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zinauzwa fotokopi, na zote zinaahidi jambo lilelile: kariri maneno haya, alama za insha zipande. Ndani yake utakuta "plethora", "myriad", "paramount", "detrimental". Nimesahihisha insha nyingi za mazoezi zilizojengwa kwa orodha hizo, na nasema bila kusita kwamba zinawaponza wanaozitegemea. Msamiati unaotakiwa upo, ila si huo, na sehemu yake kubwa mtahiniwa alishakutana nayo shuleni.

Kwanza tujue msahihishaji anatazama nini. Sehemu ya kuandika huchukua saa moja. Insha yenyewe, isiyopungua maneno 250, inapendekezwa iandikwe kwa dakika 40, na ina uzito mara mbili ya kazi inayoitangulia. Hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mpangilio na mtiririko wa hoja, msamiati, na sarufi. Msamiati basi ni robo ya alama. Maelezo ya kigezo hicho yametangazwa hadharani na wenye mtihani, na yeyote anaweza kuyasoma. Hayasemi lolote kuhusu urefu wa neno. Yanataja upana wa msamiati, usahihi, mtindo unaofaa, na jinsi maneno yanavyoandamana. Maneno yasiyo ya kila siku yanathaminiwa, lakini pale tu yanapokaa mahali pake. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza kwa kutumia IELTS anatakiwa afikishe 6.5 katika kuandika, na 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza. Kwake, nusu alama ndiyo tofauti ya kupata kazi na kulipa ada ya mtihani upya.

Mwaka 2000 mtaalamu wa lugha wa New Zealand, Averil Coxhead, alichapisha orodha ambayo hadi leo ndiyo ninayowapa wanafunzi kwanza. Alikusanya maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno milioni 3.5 kutoka fani za sanaa, biashara, sheria na sayansi. Akayaweka kando maneno 2,000 ya kawaida kabisa ya Kiingereza, kisha akatafuta yanayojirudia katika fani zote hizo. Akapata familia 570 za maneno, ambazo peke yake zinachukua takribani asilimia 10 ya maandishi yote aliyoyakusanya. Amezigawa katika mafungu kumi kwa kufuata wingi wa matumizi, na fungu la kwanza lina familia 60. Yatazame baadhi yake: "factor", "policy", "sector", "income", "benefit", "require", "significant", "environment".

Hakuna hata moja la kutisha. Kijana wa Tanzania aliyemaliza kidato cha nne ameyasoma katika vitabu vya Jiografia, Uraia na Biolojia, kwa kuwa sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza. Akiyaona anayaelewa. Mwambie ayaandike katika sentensi yake mwenyewe, kalamu inasita. Anayajua nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayotahiniwa.

Tuchukue neno moja tulikague, "contribute". Kamusi itasema ni kuchangia, mwanafunzi ataridhika na kuifunga. Kisha ataandika: "Good roads contribute to reduce poverty." Sentensi imekosewa, na kosa limetoka kwenye lugha yetu, ambako barabara nzuri huchangia kupunguza umaskini na hakuna anayelalamika. Lakini "to" ya hapo ni kihusishi, kwa hiyo baada yake huja nomino au kitenzi chenye "-ing": "contribute to reducing poverty", au "contribute to the reduction of poverty". Tukiendelea, sisi tunatoa mchango, Mwingereza anaufanya: "make a contribution". Kinachochangia tatizo pamoja na mengine ni "a contributing factor". Na mchango ukiwa mkubwa, husemwa "contribute significantly", si "contribute highly". Mwenye kuyajua haya manne anaweza kulitumia neno hilo katika insha ya elimu, afya au uchumi bila kuogopa. Mwenye kujua "kuchangia" peke yake bado hajalipata.

Familia za maneno hazipaswi kumtisha Mswahili, anayechambua, akafanya uchambuzi, akaitwa mchambuzi. Ugumu ni kwamba viambishi vya Kiingereza havitabiriki kama vyetu. "Assess" inazaa "assessment", "analyse" inazaa "analysis", na "vary" inazaa "variation" na "variety", mbili zenye maana tofauti. Kila ukoo unajifunzwa kivyake, hakuna njia ya mkato.

Makosa mengine yetu yanajulikana, nayapitia haraka. Tunajadili kuhusu jambo, hivyo tunaandika "discuss about", wakati Kiingereza hakiweki kihusishi hapo. Tunasisitiza juu ya jambo, tunaandika "emphasize on", na hapo pia kihusishi hakitakiwi. Tuna tafiti na vifaa, basi tunaandika "researches" na "equipments". Katika Kiingereza cha mtihani "research", "equipment", "evidence" na "information" hazichukui "s".

Sasa tuzione orodha zile zikiwa kazini. Swali linauliza kama serikali itumie fedha zaidi kwenye usafiri wa umma kuliko kujenga barabara mpya. Aliyekariri anafungua hivi: "Nowadays, traffic jam is a burning issue which brings a plethora of detrimental impacts." Sentensi hii inaweza kubandikwa kwenye insha ya uchafuzi wa hewa au ya simu za mkononi kwa kubadilisha maneno mawili tu. Haijasema kitu. Tena "bring" na "impact" haziendi pamoja, kwa kuwa "impact" huandamana na "have". Anayepanda basi la mwendokasi kila asubuhi kutoka Kimara, Dar es Salaam, anajua mengi kuliko hayo, na Kiingereza cha kuyasema anacho: "When commuters lose hours every day in congested traffic, businesses lose working time and the cost of transporting goods rises." Kisha: "Reserving a lane for buses can ease congestion, provided that the service is reliable and fares remain affordable." Hapa msamiati umetoka kwenye mada yenyewe. "Ease" imemkuta mwenzake "congestion", "reliable" imemkuta "service", na msahihishaji anaona mtu aliyefikiri.

Katika sentensi hiyo ya pili angalia pia "can". Insha ya kitaaluma haipigi kelele. Anayeandika "This will destroy all families" ametoa dai asiloweza kulithibitisha, na hata hoja yake nzuri inapungua nguvu. "May", "tend to" na "is likely to" ni maneno madogo ambayo wanafunzi wangu huyadharau, nami nayapenda kuliko "paramount" mia.

Namna ya kujifunza ni ya taratibu. Soma makala moja yenye hoja, chagua maneno matano unayoyajua nusu, na kila moja lipe ukurasa wake daftarini: sentensi ulimolikuta, kihusishi chake, nomino na kivumishi cha ukoo wake, kisha sentensi yako kuhusu mtaa wako au kazi yako. Siku ya pili funika ukurasa uandike upya bila kuangalia. Rudia baada ya siku chache, kisha baada ya wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya tulichokariri hupotea mapema sana, halafu kasi ya kusahau hupungua. Ndiyo maana marudio ya kwanza yasicheleweshwe. Na kufunika ukurasa ni lazima, kwa sababu kusoma tena kwa macho kunarudisha uelewa ambao tayari unao, wala hakukupi uwezo wa kuandika.

Zikibaki wiki mbili, acha kuongeza maneno mapya. Andika insha nzima kwa dakika 40, na zile tano za mwisho uzitumie kukagua. Neno ambalo huna uhakika na jirani zake, kama "mitigate", lifute uweke "reduce". Kisha pitia mstari kwa mstari ukitafuta yanayotuponza sisi hasa: kitenzi kilichofuata "contribute to", "about" iliyojipenyeza baada ya "discuss", na "s" iliyobandikwa kwenye "evidence".