Kupima Mlinzi wa Seli

Katika somo la biolojia sisi wa mwaka wa sita tulijiuliza: proteini haionekani kwa macho, basi wanaipima namna gani ndani ya seli moja moja? Tutaeleza kwa ile inayoitwa p53.

Kazi yake ni ulinzi. ADN ya seli ikiharibika, p53 inaizuia seli kugawanyika, ao inaiamuru ife. Mlinzi huyu akikosekana, kansere inapata njia.

Kwanza wanatia seli dawa ya kuzikaza jinsi zilivyo, kisha ingine ya kutoboa ngozi yao, sababu p53 inakaa zaidi katika kiini. Halafu wanatia kingamwili inayoshika p53 peke yake, nayo imefungwa rangi yenye kung'aa. Seli zinapita katika maji moja nyuma ya ingine, sawa vile sisi asubuhi kwenye mstari, mbele ya mwanga wa leza (si Leza ambaye wazee wetu wanamuita Mungu!). Rangi ikiwaka sana, p53 ni nyingi. Mashine yenyewe, sitometa, inasoma maelfu ya seli kwa sekunde moja. Katika Afrika imejulikana zaidi kwa kuhesabu seli za CD4 za wagonjwa wa SIDA.

Sasa hapa njo kuna mtego. Mtu atasema: mwanga mwingi, walinzi wengi, seli iko salama. Hapana! Katika seli yenye afya p53 haidumu: proteini ingine, MDM2, inaitia alama ya kuvunjwa, na nusu yake inaisha kwa dakika 20 hivi. Lakini ile iliyogeuka umbo mara nyingi haivunjwi, inajazana bure, sawa askari walevi wanaojaa mlangoni. Wataalamu wenyewe walidanganyika. p53 ilipatikana mwaka 1979, na karibu miaka 10 walidhani inaleta kansere, kwani ile waliyochunguza ilikuwa imegeuka. Kwa hiyo mwanga hautoshi. Lazima kusoma jeni pia.

Jambo hili linagusa hata sahani yetu. Mwaka 1991 watafiti walikuta, katika kansere za maini za wagonjwa wa kusini mwa Afrika na wa Qidong kule China, jeni ya p53 imeharibika mara nyingi mahali pamoja, namba 249. Kote huko watu walikula aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga zenye unyevu. Kupika bukari hakuiondoi yote. Kinachosaidia ni kukausha mahindi vizuri na kutupa punje zilizoota ukungu mbele ya kusaga.