Umeme wa Moyo Maabarani

Kwa zaidi ya miaka 100, chombo kikuu cha maabara ya fiziolojia kilikuwa kimografu, alichokibuni Mjerumani Carl Ludwig katika miaka ya 1840: silinda inayozunguka, imevishwa karatasi iliyopakwa masizi, na ncha inayochora mstari kila msuli wa chura unapojikunja. Siku hizi kompyuta imechukua nafasi ya silinda, na chura amenusurika. Anayepimwa ni mwanafunzi mwenyewe.

Katika zoezi la kupima umeme wa moyo, ngozi husuguliwa kwa pamba yenye spiriti, kisha elektrodi hubandikwa mikononi na miguuni. Umeme unaofika kwenye ngozi ni mdogo, takriban milivolti 1, hivyo hukuzwa kwanza ndipo uchorwe kwenye skrini. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hii, alianza na mashine ya kilo 270 hivi, huku mgonjwa ametumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi.

Mchoro safi una kilima kidogo cha P, atiria (vyumba vya juu vya moyo) zinaposisimka. Mwiba wa QRS ni zamu ya ventrikali (vyumba vya chini). Kisha T, ventrikali zinaporudi katika utulivu. Hayo hukaririwa hata kitabuni. Kinachofundisha zaidi ni mchoro ulioharibika. Mwanafunzi akikunja ngumi, mstari hujaa mikwaruzo ya umeme wa misuli. Yakionekana mawimbi 50 kila sekunde, yanatoka kwenye nyaya za umeme za ukutani. Nyaya za mikono zikibadilishwa, mchoro wa mkono kwa mkono hupinduka juu chini, na hapo hubainika kwamba kinachopimwa ni tofauti ya umeme kati ya sehemu mbili za ngozi.

Kisha mwanafunzi avute pumzi ndefu, taratibu. Miiba hukaribiana anapovuta na kuachana anapotoa, hasa akiwa kijana. Wengi hudhani mashine imeharibika, kumbe neva ya vagasi, ambayo ni breki ya moyo, hulegea pumzi inapoingia.

Mitambo ya vyuo vikuu ni ghali, lakini kitambuzi chenye chipu ya AD8232, kikiunganishwa na bodi ya Arduino, hutosha kwa mazoezi haya. Sharti moja tu: kompyuta itumie betri na chaja ichomolewe, kwa usalama wa anayepimwa; na mara nyingi hata yale mawimbi 50 hupungua.