Mwanao anataka kushindana kwa baiskeli mlimani? Mfundishe kwanza kusimama

Tuseme unaishi Majengo, Moshi. Jioni inaingia, na kijana wako wa kidato cha pili anafika nyumbani akisukuma baiskeli yake ya mtumba, viatu vimejaa vumbi jekundu. Hata hajakaa. "Shikamoo mama. Kuna mashindano ya baiskeli kule juu, naomba unisainie." Anakupa karatasi yenye nafasi moja tu ya mzazi, nayo ni ya saini. Unauangalia mlima, kisha unamwangalia yeye. Huyu ndiye uliyekesha naye akiwa mdogo, kifua kikimbana, ukimshikia inhela mpaka alfajiri.

Jibu rahisi ni hapana. Ndugu msomaji, usilikimbilie. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na baiskeli ni njia nzuri ya kuzipata. Lakini pia usisaini kwa sababu tu amekuomba kwa unyenyekevu. Kwa anayeanza, nguvu za kupanda si jambo la kwanza, kwa kuwa akichoka atashuka na kusukuma baiskeli. La kwanza ni kujua kusimama: kusimamisha baiskeli kwenye mteremko, kuusimamisha mwili unapokataa, na kuyaacha mashindano anapoumia.

Mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Baiskeli za milimani ziliingia kwenye Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, Marekani. Hapa Kilimanjaro kumekuwa na Kiliman Adventure Challenge, iliyounganisha kupanda mlima, kuuzunguka kwa baiskeli, na kumalizia na mbio za Kilimanjaro Marathon. Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Vijana wetu wanayaona haya kwenye simu, na wanayataka.

Kabla ya saini, mwili upimwe

Anza na maswali manne. Je, mtoto amewahi kuzimia akiwa anakimbia au anacheza? Amewahi kupata maumivu ya kifua wakati wa mazoezi? Moyo wake huwahi kwenda mbio ghafla bila sababu? Je, kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana? Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, mpeleke kwa daktari asikilizwe moyo na apimwe umeme wa moyo kabla ya kuanza mazoezi makali.

Pumu. Yenyewe haimzuii mtoto kushindana. Inayomzuia ni pumu isiyodhibitiwa. Ikiwa anaamka usiku kwa kikohozi, au anahitaji inhela ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, bado hayuko tayari. Arudi kliniki dawa zake ziangaliwe upya. Ikiwa imetulia, aendelee na dawa yake ya kuzuia kama alivyoelekezwa, apashe mwili moto taratibu kabla ya kuanza, na amuulize daktari kama anahitaji kuvuta dawa kabla ya mazoezi. Vumbi la njia za Moshi wakati wa kiangazi linaweza kumbana kifua, hivyo asifuate mgongoni mwa mwenzake. Na inhela ikae mfukoni mwake yeye. Ikiwa kwenye pochi ya mama pale mwisho wa mbio, haitamsaidia akiwa katikati ya migomba.

Kisukari. Mtoto anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), ale kwanza. Ikiwa juu ya 14, asianze mpaka ichunguzwe kwa nini imepanda, na apimwe ketoni. Abebe glukosi au juisi yenye sukari. Ujue pia kwamba sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata usiku amelala, kwa hiyo mpime kabla ya kulala. Dozi ya insulini ya siku hiyo ipangwe na kliniki yake mapema.

Selimundu. Kazi ngumu ya kupanda, kukaukiwa maji na baridi ya juu vinaweza kuamsha maumivu makali. Mtoto huyu anaweza kucheza na kuendesha kwa kiasi, lakini asishindane bila ruhusa ya kliniki inayomhudumia.

Na wewe mzazi unayetaka kuendesha naye, pima presha. Ikifika 180 kwa 110 ukiwa umetulia, usishindane. Muone daktari kwanza. Kama unatumia dawa ya presha inayokukojoza, ujue jua la kule chini litakukausha haraka kuliko wenzako.

Jambo moja zaidi. Mtoto anayechoka kuliko wenzake kila siku usimwite mvivu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na Mkenya David Kinjah, aligundulika kuwa na kichocho mwaka 2010. Alitibiwa, na mwaka 2013 akashinda Tour de France, mashindano makubwa kuliko yote ya baiskeli. Kichocho hupatikana pia kwenye maji yaliyotuama na mifereji ya mpunga ya tambarare za Moshi, ambako watoto huoga. Uchovu usioeleweka upimwe: damu, malaria, choo na mkojo.

Breki kwanza, mbio baadaye

Mji wa Moshi uko karibu mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu la kupandia mlima liko juu ya mita 1,800. Ukitoka Majengo kwenda Uru au Kibosho unapanda tu, na kila ulichopanda utakishuka. Kupanda kunachosha, lakini mtu huumia zaidi wakati wa kushuka.

Mpeleke kwa fundi baiskeli. Mipira ya breki ikiwa imeisha, ibadilishwe. Kisha jaribu mwenyewe: bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele, tairi la mbele lisizunguke. Fanya hivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Akisimama amepanua miguu juu ya bomba la kati la baiskeli, nyayo zote mbili ziguse ardhi. Asiposhika ardhi, baiskeli hiyo ni kubwa kwake, hata kama kaka yake ndiye aliyempa. Angalia pia ncha za usukani. Kama bomba liko wazi, lizibwe kwa plagi. Baadaye utaona kwa nini.

Wiki mbili za mwanzo afanye mazoezi kwenye tambarare, kule chini kuelekea TPC, kwenye njia za vumbi zisizo na magari mengi. Barabara kuu ya Arusha na Himo si uwanja wa mazoezi. Aanze na nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa mwendo unaomruhusu kuongea bila kukatika pumzi. Ndipo aongeze kidogo kidogo, na kuingia kwenye vilima. Miezi miwili si mingi.

Kwenye mteremko ajifunze mambo manne: abane breki zote mbili taratibu bila kuzikamata ghafla, apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, asimame juu ya pedeli zikiwa usawa mmoja huku makalio yamesogea nyuma ya siti, na macho yatazame mbele anakokwenda, si kwenye jiwe analoliogopa. Udongo wa mlimani ukilowa masika huteleza kama sabuni. Mkataba kati yenu uwe huu: penye mashaka, shuka usukume. Hakuna anayeondolewa kwenye mbio kwa kusukuma baiskeli.

Kofia ngumu si pambo

Uchambuzi wa tafiti 40 uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu waendesha baiskeli walioumia zaidi ya 64,000, ulionyesha kwamba uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa pungufu kwa karibu theluthi mbili kwa waliovaa kofia ngumu. Kofia ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, si kusukumwa kisogoni. Mikanda ipite pande zote za sikio na ifungwe kidevuni, pakibaki nafasi ya kidole kimoja tu. Kofia iliyokwisha kugonga chini itupwe, hata kama ufa hauonekani.

Hata hivyo, kofia haifuti hatari. Agosti 2022, Suleiman Kangangi wa Kenya, mwendeshaji mzoefu na nahodha wa Team Amani, alifariki dunia baada ya kuanguka katika mbio za njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Simtaji ili kukutisha. Namtaja kwa sababu kama mteremko unaweza kumshinda bingwa, anayeanza hana sababu ya kuona haya akipunguza mwendo.

Ndizi moja na maji ya kiasi

Chakula cha mashindano tunacho nyumbani. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mtori au wali wa kutosha. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, uji na viazi vitamu au mkate. Mbio zikizidi saa moja, ale kidogo njiani: ndizi mbivu moja ya wastani ina karibu gramu 25 za wanga, na kila saa mwili unaweza kutumia gramu 30 hadi 60.

Maji anywe kila anapohisi kiu, kwa mafunda, tangu mwanzo. Asilazimishwe kunywa lita nyingi kwa mkupuo, kwa sababu maji matupu yakizidi hushusha chumvi ya damu na kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Asijaribu siku ya mashindano chakula au kinywaji chochote ambacho hajakizoea mazoezini.

Akiamka na homa siku hiyo, habari imeishia hapo. Mazoezi makali ukiwa na homa yanaweza kuudhuru moyo.

Akianguka

Michubuko ioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka mchanga wote utoke. Usipake majivu wala udongo. Angalia kama chanjo yake ya pepopunda bado inamkinga; kama huna uhakika, kituo cha afya kitakusaidia.

Akigonga kichwa, hata kama ameinuka akicheka na kusema "niko sawa", mashindano yake yameisha siku hiyo. Asipande tena baiskeli. Mkimbize hospitali akitapika, akisinzia kupita kawaida, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, akichanganyikiwa, mkono au mguu ukilegea, au maji maangavu au damu vikitoka puani au masikioni. Hata bila dalili hizo, aonwe na mtaalamu, apumzike siku moja au mbili, na arudi kwenye baiskeli hatua kwa hatua.

Sasa zile ncha za usukani. Mtoto anapoanguka, usukani huweza kumchoma tumboni na kuumiza bandama, ini au kongosho, huku nje pakionekana alama ndogo tu. Tumbo likizidi kuuma, akitapika, akipauka au akilalamika bega la kushoto linauma, usimpe dawa ya maumivu ukasubiri asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Turudi kwenye ile karatasi

Umemsikiliza kijana wako. Mmekwenda kliniki, kifua kimetulia. Fundi amebadilisha mipira ya breki na kuziba ncha za usukani. Umeshuka naye barabarani, ukamwambia aje kwa kasi, ukanyoosha mkono, naye akasimama pale ulipotaka, mara tano mfululizo.

Bado jambo moja. Kabla hujasaini, muulize: "Ukibanwa kifua katikati ya njia na wenzako wanakupita, utafanya nini?" Akikujibu, "Nitajitahidi mpaka mwisho," irudishe kalamu mezani, mbio nyingine zitakuja. Akikujibu, "Nitasimama, nitavuta dawa, nitawaambia wasimamizi wakupigie," saini. Kisha nenda ukamsubiri mwisho wa mbio, hata kama atakuwa wa mwisho kufika.