Soda ya mgeni na amana ya mtoto

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tumependa tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo, nalo ni vinywaji tunavyowapa watoto wetu.

Wengi wetu tunaikumbuka soda ya mgeni. Mgeni alipobisha hodi, mtoto alipewa fedha na chupa tupu, akatumwa dukani. Aliporudi alisimama kando ya mlango akimtazama mgeni anavyokunywa, naye mgeni muungwana alimbakizia kidogo. Hakuna aliyemwambia mtoto yule kuwa soda ni bora kuliko maji ya mtungini. Alijifunza mwenyewe kwamba soda ni ya anayeheshimiwa, na maji ni ya asiye na kitu.

Somo hilo bado tunalifundisha majumbani mwetu. Mtoto akihitimu juzuu, tunampongeza kwa soda. Akilia, tunamnyamazisha kwa juisi ya pakiti. Ramadhani ikiingia, jagi la maji yaliyokorogwa unga wa rangi na sukari hukaa mbele ya futari. Kisha tunamlaumu mtoto huyo huyo kwa kuyakataa maji. Je, si sisi tuliomzoeza?

Tutazame kilichomo ndani ya chupa. Soda nyingi za kawaida huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Kwa hiyo chupa ya mililita 300 ina gramu zipatazo 30, yaani zaidi ya vijiko saba vya chai. Mama gani atamtilia mwanawe vijiko saba katika kikombe kimoja cha chai, akaona ni sawa? Mwaka 2016 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na aliye chini ya miaka miwili asipewe kabisa. Chupa moja tu imekwisha kuuvuka mpaka huo.

Madhara yake huanzia kinywani. Vijidudu vya mdomoni huigeuza sukari kuwa tindikali inayokula meno, na mtoto anayenyonya chupa yake kidogo kidogo mchana kutwa huyaumiza zaidi. Sukari hiyo ikiwa mazoea ya kila siku humletea unene wa kupindukia, na unene humkaribisha na kisukari.

Hata hivyo, tusivuke mipaka. Sukari si haramu, wala hatuna mamlaka ya kuharamisha alichokihalalisha Allah (SW). Bibi Aisha (RA) amesimulia kuwa Mtume (SAW) alipenda vitu vitamu na asali. Lakini Mola aliyeturuhusu kula na kunywa ametukataza, katika aya hiyo hiyo, kufanya israfu (7:31). Naye Mtume (SAW), katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: moja la chakula, moja la kinywaji na moja la pumzi. Tena ametukumbusha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Basi tumwelekeze mtoto kwa njia gani? Tunao mfano bora wa Umar bin Abi Salama (RA), aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (SAW). Alikuwa kijana mdogo, mkono wake ukizunguka sahanini kila upande. Mtume (SAW) hakumkaripia wala hakumwondoa. Alimwita kwa upole, akamfundisha kumtaja Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia na kula cha mbele yake. Umar amesema tangu siku hiyo ulaji wake ulibaki hivyo. Maneno machache, yaliyosemwa pale pale chakulani na mtu ambaye mwenyewe anayatenda, yalidumu umri mzima.

Nasi tuanze na gilasi zetu wenyewe, kwani baba anywaye soda kila jioni hawezi kumwamrisha mwanawe maji. Maji yaliyochemshwa na kupozwa yawekwe mahali mtoto anapofikia, na chupa yake ya maji aende nayo shule na madrasa. Sukari ya chai na uji ipunguzwe pole pole, kijiko nusu baada ya kijiko nusu, hadi ulimi uzoee. Tumpeleke sokoni achague mwenyewe chungwa au embe la kula, maana tunda zima ni bora kuliko juisi yake. Maziwa na madafu yasitiwe sukari. Futari tuifungue kwa tende na maji, kama ilivyo Sunna. Aliyekwisha jua hesabu asome maandishi ya pakiti, agawe gramu za sukari kwa nne, apate idadi ya vijiko. Huyo atajionea mwenyewe. Na siku ya Idi akinywa soda moja, anywe kwa furaha, tusimharibie sikukuu yake.

Muhimu zaidi, tuirudishie heshima yake neema ya maji. Mgeni ajaye akibisha hodi, tumkirimu kwa tende, dafu au maji baridi ya mtungi. Na mtoto tumkalishe pamoja naye, tumpe gilasi yake kamili, asisimame mlangoni kusubiri mabaki.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awape afya njema ya kumwabudu, na atuwezeshe kuitekeleza amana hii. Amin.

Wabillahi tawfiq.