Trekta Kuukuu: Namna ya Kuitumia Bila Kuumia

Trekta iliyotumika miaka mingi yaweza kumfaa sana mkulima mdogo. Hulima, huvuta tela la mavuno, na huendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Lakini trekta nyingi za zamani hazina fremu ya kumkinga dereva zinapopinduka, na vifuniko vyake vingine vimekwisha potea. Kwa hiyo anayeiendesha hana budi kuwa mwangalifu zaidi.

Kuiwasha. Kwanza jaribu breki. Trekta ina pedali mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma. Uendapo barabarani, zifunge pamoja kwa kipande chake. Ukikanyaga moja tu wakati wa mwendo wa kasi, trekta itageuka ghafla na kupinduka. Iwashe ukiwa umeketi kitini, na gia imeondolewa. Watu wengine husimama chini na kugusisha bisibisi kwenye stata. Jambo hili ni la hatari kubwa: ikiwa trekta imo katika gia, itaondoka mara moja na gurudumu la nyuma litampanda aliyesimama hapo.

Kuvuta mzigo. Funga mnyororo au tela kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, nyuma ya trekta. Usifunge kamwe juu ya ekseli. Mzigo ukivutwa kutoka juu, magurudumu ya mbele huinuka, na trekta huweza kumwangukia dereva kwa muda usiozidi sekunde mbili. Hatapata nafasi ya kuruka. Ukiona mbele kunainuka, kanyaga klachi upesi.

Trekta ikikwama topeni, usifunge gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapate kushika. Magurudumu yakizuiwa yasizunguke, nguvu ya injini huinua trekta yenyewe na kuibwaga kinyumenyume. Chimba tope, kisha jaribu kutoka kwa kurudi nyuma. Ikishindikana, tafuta trekta nyingine ikuvute.

Shafti ya nyuma. Shafti inayoendesha mashine ya kupukuchua kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde. Ikishika pindo la kanga, kanzu au shati lililolegea, humvuta mtu kabla hajapata kupiga kelele. Hakikisha kifuniko chake kipo. Usiiruke wala kupita juu yake, na watoto wakae mbali. Mashine ikiziba, zima injini kwanza, ngoja shafti isimame kabisa, ndipo uzibue.

Jembe lililoinuliwa. Usiingie chini ya jembe linaloshikwa na mafuta ya haidroliki peke yake. Mitambo ya zamani huvuja, na jembe laweza kushuka ghafla. Weka magogo imara chini yake. Ukimaliza kazi, teremsha jembe mpaka chini, zima injini, vuta breki ya mkono, na uchukue ufunguo.

Abiria. Trekta ina kiti kimoja, nacho ni cha dereva. Usimpakie mtoto wala utingo juu ya madigadi. Shimo moja dogo latosha kumwangusha mbele ya gurudumu.

Fremu ya kinga. Mwaka 1959 nchi ya Sweden ilitoa amri kwamba trekta mpya ziwe na kinga ya kumlinda dereva, na vifo vya kupinduka vilipungua sana. Ukiweza, nunua fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta yako, kisha ufunge mkanda kila uendeshapo. Lakini kama trekta haina fremu, usijifunge mkanda, maana utakufunga chini ya trekta itakapopinduka.

Vipuri vya trekta hununuliwa, lakini mkono au uhai hauuzwi dukani. Kabla msimu wa kulima haujaanza, mwite fundi na Bwana Shamba wako, mkaikague trekta pamoja.