'Muamala wa ndani': Ndani ya nini hasa?

Wengi wetu tumelizoea neno 'muamala' kupitia huduma za pesa kwa simu. Neno hili lenye asili ya Kiarabu hurejelea shughuli baina ya pande mbili, hasa ya kibiashara. Wataalamu wa kompyuta wamelibana zaidi: kwao, muamala ni kazi kadhaa zinazofungwa pamoja ili zikamilike zote au zitanguliwe zote.

Chukua mfano wa duka linaloweka maagizo ya wateja kwenye foleni ya ujumbe, nayo programu ya malipo ikayachukua moja moja. Kwa kanuni za Java Message Service, ujumbe uliochukuliwa ndani ya muamala hauhesabiwi kuwa umeondoka hadi programu ithibitishe. Ikitangua, ujumbe huo huletwa tena, na ule iliokuwa ikiutuma haufiki kokote.

Sasa, muamala huu huitwa 'wa ndani'. Kivumishi hicho cha a-unganifu huwapotosha wanaodhani ati ni ndani ya kampuni nzima. La hasha! Ni ndani ya mfumo wa foleni tu, hifadhidata haimo. Programu ikiandika malipo kwenye hifadhidata kisha izimike kabla ya kuithibitishia foleni, agizo litaletwa tena na mteja atatozwa mara mbili. Kinga ni kila agizo kupewa nambari yake, ihifadhiwe pamoja na malipo, na ikaguliwe kabla ya kutoza.

Kwa maoni yangu, 'muamala wa foleni pekee' lingekuwa jina lisilomponza mtu.